Kwa Nini Uwanja wa Mtaa Hukosa Nafasi Kwenye Mpango wa Halmashauri

Muulize diwani yeyote kama anapenda michezo, atakwambia anaipenda. Atakutajia kombe alilodhamini, jezi alizogawa na timu aliyoikodia basi kwenda fainali. Kisha fungua mpango wa maendeleo wa halmashauri yake uone michezo imekaa wapi. Mara nyingi utaikuta imebanwa katika aya moja pamoja na utamaduni, vijana na pengine utalii. Haina shabaha, haina fungu la matunzo, wala haina eneo lililotajwa kwa namba ya kiwanja. Hakuna aliyeichukia. Ilikosa mtetezi siku ya kugawa fedha, na hata alipopatikana, hakuja na maneno ambayo mpango unayaelewa.

Michezo ya jamii ninayoizungumzia hapa ni ile ya watu wa kawaida, karibu na wanakoishi: watoto baada ya shule, akina mama wanaokutana kwa netiboli, wazee wanaotembea alfajiri, vijana wanaogombania goli moja. Uwanja wa taifa na ligi kuu ni habari nyingine, ingawa mara nyingi ndizo zinazokula fungu lote linaloitwa la michezo. Baada ya Olimpiki ya 2004, baadhi ya viwanja vilivyojengwa Athens vilibaki magofu. Mashindano makubwa huleta shangwe, lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba yenyewe tu huwafanya watu wengi zaidi waanze kucheza mtaani kwao.

Kwa upande wa haki, hoja ilishashinda zamani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unamtambulia mtoto haki ya kucheza. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 30, unazitaka serikali ziwezeshe ushiriki wao katika michezo. UNESCO ilitangaza michezo kuwa haki ya msingi kwa wote mwaka 1978, na ikaupitia upya mkataba wake huo mwaka 2015. Ila mweka hazina wa halmashauri halazimishwi na UNESCO. Anachotazama ni sheria ya nchi yake: huduma ipi ni ya lazima, na ipi ni ya hiari.

Hapo ndipo fundo la kwanza. Uingereza, kwa mfano, halmashauri hubanwa kisheria kuwahudumia watoto walio hatarini na wazee wasiojiweza, lakini hakuna sheria inayozilazimisha kuendesha bwawa la kuogelea. Fedha zikipungua, cha hiari huanza kukatwa. Mkurugenzi anayefunga bwawa huenda analipenda kuliko sisi, ila anajua kwamba akikata la lazima ataburutwa mahakamani, na akikata la hiari atapigiwa kelele wiki mbili.

Nchi nyingine zimelikata fundo hilo kwa njia tofauti. Denmark ina sheria inayozitaka manispaa zivipatie vyama vya hiari kumbi na viwanja vya umma vilivyo wazi, na zichangie gharama, hasa kwa shughuli za walio chini ya miaka 25. Huko klabu ya mtaa inapoomba ukumbi wa shule jioni inadai kilicho chake. Norway imepita njia ya ujanja zaidi. Sehemu ya faida ya bahati nasibu ya taifa hurudi kujenga viwanja, lakini mradi hauwezi kupata senti kama haumo katika mpango wa manispaa. Nakiri hii ndiyo ninayoipenda. Serikali kuu haikuhubiri kwamba michezo ni muhimu. Ilisema tu kwamba asiyeandika hapewi, na manispaa zikaandika.

Kenya nayo ina kitu kinachokaribiana na hicho, ingawa wengi hawakioni kwa macho ya michezo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka shughuli na viwanja vya michezo miongoni mwa kazi za kaunti. Na kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema fedha za umma hazitatengwa nje ya mfumo wa mipango. Maana yake ni nzito: uwanja usiokuwemo katika mpango wa miaka mitano wa kaunti unaweza kuahidiwa jukwaani mara kumi na usijengwe, na kukataa huko kukawa halali.

Kwa hiyo swali la "tuipe michezo kipaumbele" halijibiwi kwa hotuba. Linajibiwa katika nyaraka tatu ambazo hakuna mwandishi wa habari anayezikimbilia: ramani ya matumizi ya ardhi, bajeti ya matumizi ya kawaida, na ratiba ya nani anatumia uwanja saa ngapi.

Ardhi kwanza

Uwanja wa soka wa vipimo vya kimataifa una mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Wa kikapu ni mita 28 kwa 15, sawa na mita za mraba 420. Wa voliboli ni 18 kwa 9, mita za mraba 162. Ukihesabu mistari peke yake, eneo la uwanja mmoja wa soka linatosha viwanja 17 vya kikapu. Ukiongeza nafasi ya kukimbilia pembeni hesabu hiyo inashuka, lakini hoja inabaki pale pale: halmashauri inayotafsiri "michezo" kuwa "uwanja wa mpira" inajitafutia mradi mgumu kuliko yote, kisha inalalamika kwamba mjini hakuna ardhi. Kipande kilichobaki kati ya zahanati na ofisi ya kata hakitoshi soka. Kinatosha voliboli mbili, na bado pakabaki pa kukaa.

Tatizo kubwa zaidi ni viwanja vilivyopo. Watu wanaweza kucheza mahali miaka thelathini, na kwenye ramani pakawa peupe. Hakuna hati, hakuna alama za mipaka, hakuna matumizi yaliyoandikwa. Wakati wa kutafuta eneo la soko jipya au kituo cha afya, mpima ardhi hutazama ramani na kuona sehemu iliyo wazi. Unyakuzi wa ardhi na wizi upo na unajulikana, lakini mara nyingi uwanja huchukuliwa na jambo jema kabisa. Nani atasimama kwenye mkutano wa hadhara kupinga zahanati? Uwanja wa mtaa huuawa na zahanati, na shule, na kituo cha mabasi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na sababu isiyopingika.

Dawa yake ni ya kiofisi na haina mvuto. Pima eneo, weka mipaka, liandikishe kwa jina la halmashauri, na katika hati litajwe ni la michezo. Kisha weka kanuni kwamba kubadili matumizi kunahitaji kuwasikiliza watumiaji, na kwamba eneo mbadala, lenye ukubwa ule ule na linalofikika kwa miguu, litolewe kabla ya tingatinga kuingia. Neno "kabla" ndilo lenye kazi hapo, kwa sababu eneo mbadala linaloahidiwa baadaye huwa halifiki, au hufika nje ya mji. Uingereza iliweka mwaka 1996 utaratibu kwamba ombi la ujenzi linalogusa uwanja wa michezo lipelekwe kwanza kwa Sport England, taasisi ya michezo ya umma, itoe maoni yake. Kinachofundisha hapo ni kwamba uwanja ulipewa mtu wa kuusemea ndani ya mchakato wenyewe, badala ya kusubiri wananchi wagundue siku nguzo zinasimikwa.

Na pale ambapo ardhi haipo kweli? Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, tangu 1974 umekuwa ukifunga barabara kwa magari Jumapili na sikukuu, saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Mtandao huo sasa unapita kilomita 120. Watu huendesha baiskeli, hukimbia, husukuma watoto kwenye vigari. Mwaka 1995 yakaongezwa madarasa ya bure ya mazoezi kwenye bustani na viwanja vya wazi. Mji haukununua hata mita moja ya ardhi mpya. Ulichukua lami iliyokwisha kulipiwa ukaibadilishia kazi kwa saa saba. Gharama zipo, za waongoza njia, vizuizi na usafi, na zinahitaji idara yenye bajeti ya kudumu, lakini ni gharama za aina nyingine kabisa.

Matunzo, ambako fedha huvuja kimya

Bajeti ya halmashauri ina mifuko miwili. Mfuko wa maendeleo hujenga. Mfuko wa matumizi ya kawaida hulipa mishahara, mafuta, umeme na matengenezo. Kujenga uwanja hutoka kwenye mfuko wa kwanza na huja na jiwe la msingi, utepe na picha. Kufyeka nyasi, kuchora mistari, kubadili nyavu, kunyonya choo, kulipa mlinzi na kununua taa hutoka kwenye mfuko wa pili, na hakuna aliyewahi kukata utepe wa choo kilichonyonywa. Kwa kuwa athari yake haionekani kwa miezi kadhaa, matunzo ndiyo hukatwa mwanzo. Mwaka wa pili magoli yana kutu, mwaka wa tatu uzio umeondoka vipande vipande, mwaka wa nne uwanja unaandikwa tena kwenye mpango wa maendeleo kama mradi mpya wa ukarabati. Tumelipa mara mbili kwa kitu kimoja, na ripoti itaonyesha halmashauri inawekeza sana katika michezo.

Ukitaka kujua kama mradi wa uwanja umefikiriwa, uliza mambo mawili tu: nani atakuwa na ufunguo, na mshahara wake unatoka kasma gani, yaani fungu gani la bajeti. Mradi usioweza kujibu hayo haujawa tayari, hata kama mchoro wake una majukwaa ya watu elfu tano. Tena majukwaa hasa yanatia shaka. Wachezaji wa mtaani wanahitaji choo, maji na kivuli. Majukwaa huwafaa wanaohutubia.

Kuna wanaosema uwanja ujiendeshe wenyewe. Sawa, hadi uone hesabu inavyoenda. Wanaoweza kulipa ni wenye harusi, matamasha na mikutano ya hadhara, na siku zao ni Jumamosi na Jumapili, zile zile ambazo watoto wana nafasi. Kadiri uwanja unavyofanikiwa kibiashara ndivyo unavyozidi kuwa ukumbi wa wazi wenye magoli. Kutoza timu za watu wazima kiasi kidogo si vibaya. Kuyategemea mapato hayo yagharamie kila kitu ndiko kunakobadilisha uwanja kuwa wa wengine.

Mwaka 2016 baraza dogo la Stoke Gifford, karibu na Bristol nchini Uingereza, liliingia kwenye vichwa vya habari kwa jambo hili. Kila Jumamosi watu walikimbia kilomita tano bure katika bustani ya baraza hilo chini ya parkrun, harakati ya mbio za kujitolea iliyoanzia London mwaka 2004. Baraza likapiga kura, 6 kwa 4, kwamba waandaaji wachangie matengenezo ya njia. Waandaaji wakakataa kwa msingi kwamba mbio zao ni bure kwa wote, na mbio hizo zikakoma. Wengi waliliona baraza kuwa la wachoyo. Kwa maoni yangu liliuliza swali la haki na kutoa jibu baya. Njia ilikuwa inachakaa kweli, na bajeti yake ilikuwa ya baraza dogo. Lakini faida ya mamia ya watu kukimbia kila wiki, shinikizo la damu linaloshuka, kisukari kinachocheleweshwa, haikuingia kwenye vitabu vya baraza hilo. Iliingia kwenye vitabu vya hospitali.

Hilo ndilo fundo lenyewe. Anayelipa si yule anayeokoa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachoshauriwa, ambacho ni angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kwa vijana wa kubalehe ni wanne kati ya watano. Gharama ya hali hiyo kwa mifumo ya afya imekadiriwa kufikia dola bilioni 27 kwa mwaka katika muongo unaoishia 2030. Takwimu hizi hutajwa kila warsha, na halmashauri husikia, hukubali, kisha hurudi nyumbani kwenye bajeti ambayo kila shilingi ya uwanja ni ya kwake na kila shilingi inayookolewa hospitalini ni ya wizara. Mpaka idara ya afya ichangie mfuko wa matunzo, au serikali kuu ihamishe sehemu ya fedha za kinga kwenda chini, tutaendelea kuiomba halmashauri itende wema kwa gharama yake. Zipo zitakazofanya hivyo, ila mpango haupaswi kuutegemea wema.

Saa za uwanja ni za nani

Uwanja ulio wazi kwa wote, usio na ratiba, huishia kuwa wa wenye nguvu. Saa kumi jioni hadi giza linapoingia ndiyo saa ya dhahabu, na timu ya wanaume watu wazima huichukua kwa sababu ndiyo iliyo na mwenyekiti na mdomo. Wasichana waliotoka shule wana saa hiyo hiyo moja kabla hawajahitajika nyumbani. Hakuna aliyewafukuza. Walikuta pamejaa.

Vienna ililichunguza jambo hili katikati ya miaka ya 1990. Watafiti wa mji waliona kwamba wasichana walipofika miaka kama kumi walianza kutoweka katika bustani za umma, huku wavulana wakibaki. Mnamo 1999 bustani mbili zilifanyiwa mabadiliko: njia zikaongezwa ili pafikike kirahisi, viwanja vya voliboli na badminton vikawekwa, na eneo kubwa la wazi likagawanywa kwa mimea kuwa sehemu ndogo ndogo. Wasichana wakarudi, na makundi yakawa yanatumia sehemu zao bila moja kulisukuma jingine. Mpangaji anayejua hilo hawezi tena kusema kwamba wasichana wa eneo lake hawapendi michezo mpaka ameangalia alichowajengea.

Basi ratiba iandikwe na ibandikwe getini, na migao yake ijadiliwe kila msimu. Ni karatasi moja, lakini ndiyo inayoonyesha sera halisi ya usawa ya halmashauri kuliko ukurasa wowote wa mpango mkakati. Mtu mwenye kiti cha magurudumu naye husoma sera hiyo kwa njia yake: kama njia ya kuingilia ina ngazi na mlango wa choo ni mwembamba, amekwisha kujibiwa.

Shule zinastahili neno. Viwanja vingi vya umma viko ndani ya uzio wa shule na hulala tupu jioni, wikendi na likizo. Kila mpango husema vifunguliwe kwa jamii, na mwalimu mkuu hakubali, kwa sababu zenye akili. Dirisha likivunjika nani analipa? Bili ya maji ya nani? Mgeni akizurura madarasani? Mkataba mfupi kati ya shule na halmashauri, unaotaja saa, mlinzi, bima, choo kitakachotumika na akaunti ya kulipia uharibifu, humaliza sehemu kubwa ya ubishi huo. Bila mkataba tunamwomba mwalimu mkuu abebe hatari ya wengine kwa moyo wake mwema.

Mpango usiahidi usichoweza

Wanaotetea michezo hupenda kuipa kazi nyingi: itaondoa dawa za kulevya, itapunguza uhalifu, itazalisha ajira. Iceland hutajwa kama ushahidi. Na kweli, mwishoni mwa miaka ya 1990 zaidi ya asilimia 40 ya vijana wake wa miaka 15 na 16 walisema walilewa katika mwezi uliotangulia, na kufikia 2016 ilikuwa kama asilimia 5. Manispaa, Reykjavík ikiwemo, huchangia ada ya kila mtoto anayejiunga na shughuli iliyopangwa, iwe mpira, muziki au dansi. Lakini hadithi husimuliwa nusu. Pamoja na hayo kulikuwa na saa za watoto kuwa ndani usiku, umri wa kununua tumbaku na pombe uliodhibitiwa, wazazi waliokubaliana kwa maandishi, na utafiti wa vijana uliorudiwa na kurejeshwa kwa kila jamii. Na shughuli zenyewe zilikuwa na walimu waliofunzwa. Kumwaga mipira mtaani bila kocha hakujawahi kuonyesha matokeo hayo.

Afadhali mpango uahidi kinachopimika katika eneo lake: viwanja vingapi vina hati, kasma ya matunzo imetumika kwa kiasi gani, saa ngapi kwa wiki zimetengewa wasichana, wazee na watu wenye ulemavu, na ni watu wangapi waliokutwa wakicheza. Hilo la mwisho hutaka mtu wa kwenda kuhesabu, siku tofauti na saa tofauti, akitenganisha umri na jinsia. Ni kazi ya kalamu na karatasi, na kwa kawaida haifanywi. Badala yake huripotiwa idadi ya makombe yaliyoandaliwa.

Tena kuna kalenda. Nchini Kenya mpango wa maendeleo wa mwaka hupaswa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Majina mengine hutumika kwingineko, lakini mzunguko unafanana: mahitaji huandikwa miezi mingi kabla ya fedha kutajwa. Klabu inayokwenda na barua yake baada ya makadirio kusomwa huomba fedha iondolewe kwa mwingine aliyekwisha kupewa. Inayokwenda mapema, na namba ya kiwanja, vipimo, makisio ya matunzo ya mwaka na orodha ya wanaopatumia, humpa ofisa mipango kitu anachoweza kukinakili moja kwa moja kwenye jedwali lake.